Umejuaje? Mwongozo wa sayansi ya nyumbani kwa mzazi wa mtoto wa shule ya msingi

Kikao cha wazazi kikishavunjika, kila mara hubaki mzazi mmoja au wawili karibu na mlango, wananingoja nikusanye karatasi zangu. Swali lao ni lilelile. "Mwalimu, mwanangu nimsaidieje na sayansi? Mimi mwenyewe niliishia la saba." Zamani nilikuwa na jibu la haraka: kitabu cha ziada, tuisheni ya Jumamosi. Siku hizi nawaambia wapitie dukani wanunue daftari moja la kawaida, basi.

Nafundisha sayansi darasa la tano na la sita hapa Tanga mjini. Aliyenibadilisha jibu ni mtoto wangu mwenyewe. Nilikuwa nimechora vijidudu ubaoni miaka na miaka, mpaka siku moja narudi nyumbani namkuta kijana katoka chooni, kajifuta mikono kwenye kaptula ya shule, kakaa mkekani anakula. Nikamgombeza. Kesho yake vilevile. Nikamgombeza zaidi, akajifunza kunawa ninapokuwepo. Ndipo siku moja akaniuliza, wala hakuwa na jeuri: "Kwani mikono yangu ina nini? Mbona mimi sioni kitu?"

Nilikosa la kusema. Darasani ningewaambia wenzake wampigie makofi kwa swali kama lile. Nyumbani nilikuwa nimempa amri tupu, na amri haina ushahidi ndani yake. Tangu siku ile nimeshika jambo moja: tabia inayodumu ni ile ambayo mtoto ameipima mwenyewe akaona. Hatua zifuatazo zinatokana na hilo. Zifuateni kwa mpangilio huu, lakini msizifanye zote kwa mkupuo. Hatua moja kwa wiki mbili ni mwendo mzuri.

Hatua ya 1: Daftari moja la nyumba nzima

Lisiwe daftari la mtoto, liwe la nyumba. Litoboe pembeni, litie uzi, litundike kwenye msumari jikoni au sebuleni, na penseli ining'inie hapohapo. Daftari likifungiwa kabatini limekufa.

Yeyote aliyeona kitu anaandika mambo manne: tarehe na saa, nimeona nini, nadhani ni kwa nini, nitajuaje kama ni kweli. Hilo la nne ndilo gumu, na wiki za mwanzo watoto huliruka. Msiwalazimishe. Acheni nafasi wazi, mtu atakuja kuijaza.

Bibi asiyejua kuandika naye ana nafasi yake: anasema, mjukuu anaandika, jina la bibi linawekwa mbele. Nyumba moja ninayoifahamu, bibi alisema sisimizi wakihama na mayai yao mvua iko karibu. Wajukuu wakaanza kuandika kila walipowaona sisimizi wakihama, na kila siku mvua iliponyesha. Vuli ilipokwisha, bibi alikuwa amepatia mara kadhaa na kukosa mara kadhaa, na ubishi uliofuata ulikuwa mtamu kuliko kipindi changu chochote cha hali ya hewa. Bibi alijitetea kwamba sisimizi wa uani kwao si wale aliowakusudia.

Vifaa vingine ni vile mlivyo navyo. Rula ya shule. Kamba ya mita mbili mliyoipiga fundo kila baada ya sentimita kumi. Simu kwa ajili ya saa. Kikombe kimoja ambacho mmekubaliana kuwa ndicho kipimo, na asije mtu akapima kwa kikombe kingine. Msinunue zaidi ya hapo.

Hatua ya 2: Badilisha swali unalomuuliza mtoto

Mtoto akirudi shule, wengi wetu tunauliza, "Umepata ngapi?" Hilo ni swali la kufungia mazungumzo. Akisema nane, unasema vizuri. Akisema tatu, unasema utaona. Hakuna pa kuendelea.

Jaribu neno moja tu: umejuaje? Mtoto anasema maziwa yameharibika. Umejuaje? Anasema yananuka, yana mabonge. Anasema kesho kutanyesha. Umejuaje? Anasema dunia inazunguka jua. Hapo atakwama, atasema mwalimu kasema. Mwalimu kasema si jibu baya, lakini liandikwe hivyo daftarini: "Nimeambiwa, sijaona." Mtoto anayejua kutenganisha alichokiona na alichoambiwa amepata nusu ya sayansi yote nitakayomfundisha mpaka amalize shule.

Sauti ni muhimu. Ukiuliza kama askari wa barabarani, mtoto atajihami. Uliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na mara nyingi utakuwa hujui kweli, kwa hiyo haitakuwa maigizo. Na akikuuliza wewe jambo usilolijua, usimwambie "acha maswali mengi." Mwambie, "Sijui. Tutajuaje?"

Nikitaka wazazi wanielewe hapa, nawasimulia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, huku kwetu Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombaniwa, naye akaogopa kuikosa, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka. Hakuliacha swali. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, alikwenda kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akalisimamisha swali lake lilelile mbele ya watu. Watu wakacheka tena. Osborne alirudi akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakalichapisha pamoja. Hadi leo wanafizikia duniani wanaliita jina la Mpemba, na bado wanabishana jambo hilo hutokea lini na kwa nini.

Kinachoniuma kila ninapoisimulia ni yule mwalimu. Ninamwelewa mno. Ningeweza kuwa mimi.

Hatua ya 3: Mikono, kwa unga wa mkaa

Hili ndilo jaribio lililomjibu kijana wangu, nami huanza nalo kila nyumba. Mnahitaji kipande cha mkaa, mafuta ya kula kijiko kimoja, sabuni ya kipande, maji, na kitambaa cheupe chakavu. Vaeni nguo za kazi.

Pondeni mkaa uwe vumbi laini, mchanganye na mafuta. Watu watatu wajipake kidogo viganjani, wasugue kama wanaopaka losheni, mpaka katikati ya vidole na nyuma ya mkono. Wa kwanza anawe kwa maji peke yake, kwa ile haraka yake ya kila siku. Wa pili anawe kwa sabuni, sekunde tano. Wa tatu kwa sabuni sekunde 20, mtu akimhesabia kwa sauti. Kisha kila mmoja ajifute kwenye upande wake wa kitambaa.

Msiseme chochote. Mwacheni mtoto aangalie kitambaa, halafu aweke mkono wake juu ya ukurasa wa daftari, auchore pembezoni, atie weusi pale ambapo mkaa umebaki. Karibu kila mtu hubaki na weusi palepale: kidole gumba, katikati ya vidole, chini ya kucha. Huo mchoro hauhitaji hotuba.

Akiuliza kwa nini sabuni imefaulu na maji yameshindwa, jibu si gumu. Maji na mafuta havielewani. Chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja inashika mafuta na nyingine inashika maji, kwa hiyo mafuta hung'oka na uchafu wake yakaondoka na maji. Mwambieni pia ukweli huu: mkaa si vijidudu, ni mfano wake tu. Lakini virusi kadhaa, vikiwemo vya korona, vina ganda la mafuta, na sabuni hulivunja ganda hilo.

Baada ya hapo jengeni kibuyu chirizi karibu na choo, kwa sababu mtoto aliyeshawishika halafu akakosa maji atarudia kaptula. Dumu la lita tano ndilo zuri. Pasha msumari kwenye moto, mtu mzima atoboe tundu moja dogo upande usio na mshikio, kama sentimita 12 kutoka chini. Chimbieni nguzo mbili zenye panda, laza fimbo juu yake, ipitishe fimbo kwenye mshikio wa dumu. Funga kamba kwenye shingo ya dumu, uishushe hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, ukiachia, linarudi. Hakuna anayeshika bomba kwa mkono mchafu. Maji yajazwe yasipite usawa wa tundu, la sivyo yatavuja usiku kucha. Kipande cha sabuni kitobolewe kitiwe kamba, na juu yake kifunikwe kifuu cha nazi ili mvua isikiyeyushe. Chini mwageni kokoto, maana tope la hapo litawaletea jambo tutakalolikuta hatua inayofuata.

Kazi ya mtoto kwa wiki mbili ni kuhesabu: dumu moja limetosha kunawa mara ngapi? Tundu likiwa kubwa inakuwaje? Watoto wengine hutoboa dumu la pili kwa msumari mwembamba zaidi ili washinde. Waacheni.

Hatua ya 4: Doria ya Jumamosi

Wazazi wengi wanajua maji yaliyotuama huzaa mbu. Watoto nao wanajua, wataandika hivyo kwenye mtihani. Ila siku ya kumwaga maji ya tairi bovu nyuma ya nyumba haifiki.

Tafuteni chombo uani chenye viluwiluwi tayari, hamtakosa. Choteni maji yake mjaze chupa pana ya kioo hadi nusu, mfunike mdomo kwa kipande cha chandarua kilichokunjwa mara mbili, mfunge kwa mpira. Mtu mzima ndiye mwenye dhamana ya chupa hiyo. Iwekeni barazani, kivulini. Kila jioni mtoto anaandika ameona nini.

Atawaona wakipanda juu kuvuta hewa. Akiwa makini ataona namna wanavyokaa: wakining'inia kichwa chini na mkia juu, hao si wa malaria, ni jamaa za mbu wengine, wakilala sambamba na uso wa maji, hao ni anofelesi, mbu wa malaria. Baada ya siku chache baadhi watajikunja kama alama ya mkato. Hao ni pupa, hawali kitu. Na asubuhi moja kutakuwa na mbu ndani ya chupa. Mwagieni maji ya moto yenye sabuni kupitia chandarua, bila kufungua, ndipo msafishe.

Kutoka yai hadi mbu anayeruka, kwenye joto letu, huchukua takriban siku 7 hadi 14. Mwachieni mtoto apige hesabu: tukimwaga maji yote mara moja kwa wiki, nani atapata nafasi ya kukua? Hapo Jumamosi inakuwa siku ya doria kwa hoja yake yeye mwenyewe. Visosi vya maua, matairi, vifuu, makopo, pipa lisilofunikwa, trei iliyo nyuma ya friji. Nyumbani kwangu viluwiluwi wa kwanza walikutwa kwenye kisosi cha ua langu nililokuwa nikijivunia kwa majirani, na daftari halikunionea haya.

Jambo moja ambalo watu hulikosea: kumwaga peke yake hakutoshi kwa yule mbu mweusi mwenye michirizi meupe miguuni, anayeuma mchana na kuleta homa ya dengi, iliyosumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mayai yake hubandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji yarudi. Kwa hiyo chombo kisuguliwe kwa brashi, kisimwagwe tu.

Hatua ya 5: Jikoni, kwa manjano na magadi

Nani hajawahi kudondokewa na mchuzi wa biriani kwenye kanzu nyeupe? Unapaka sabuni, doa la njano linageuka jekundu, unadhani umeliharibu zaidi. Manjano yana rangi inayobadilika ikikutana na kitu cha jamii ya magadi, yaani besi. Ikikutana na asidi inarudi njano. (Na kwa faida yako: doa hilo likianikwa juani siku kadhaa hufifia lenyewe.)

Chemsheni kijiko cha unga wa manjano kwenye nusu kikombe cha maji, mchovye vipande vya karatasi nyeupe, mviache vikauke. Hizo ni karatasi za kupimia. Mtoto aandike kwanza anachodhani, ndipo adondoshee: ndimu, ukwaju, maji ya sabuni, maji ya majivu, magadi, mate yake, maji ya kunywa. Kila kinachogeuza karatasi kuwa nyekundu kinaingia upande mmoja wa ukurasa. Kisha adondoshee ndimu juu ya wekundu aone kitakachotokea. Watoto wa darasa la tano huita uchawi. Mimi nawaomba warudie mara tatu, uchawi haukubali kurudiwa kwa mpangilio.

Mkishafika kwenye magadi mmefika kwenye maharage. Gawanyeni maharage ya mfuko mmoja mafungu mawili yaliyo sawa kwa kikombe chenu. Fungu moja liloweke usiku kucha, jingine lisilowekwe. Yapikeni siku mbili tofauti, sufuria ileile, mkaa mliopima kwa kopo, na mtoto aandike saa ya kubandika na saa ya kuepua. Nyumba nyingi huacha kubishana kuhusu kuloweka baada ya hapo, kwa sababu tofauti ya mkaa inaonekana mfukoni. Magadi nayo huharakisha, ila hupunguza vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, kwa hiyo mimi napendelea kuloweka. Kama mna ndugu Lushoto anayelalamika maharage yake hayaivi, si uvivu wa kuchochea: kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi maji huchemka kwenye nyuzi 95 au 96, si 100 kama hapa pwani. Mpigieni simu, mlinganishe muda kwa maharage ya aina moja. Hilo ni jaribio zuri la nyumba mbili.

Onyo moja lisilo na mjadala. Dawa ya kung'arishia nguo isichanganywe kamwe na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, wala na siki au ndimu. Hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huumiza mapafu. Na mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda hata kwa dakika tano. Majaribio yote yafanyike kwa vitu vinavyoliwa au vya kuogea, vingine viachieni shule.

Hatua ya 6: Kusoma na kulala

Hapa sitakaa sana, maana kila mtu anashauri.

Mtoto akimaliza kazi za nyumbani, usimwambie asome tena. Mwambie afunge daftari, akae karibu yako huku wewe unachambua mchele, akusimulie alichosoma. Asipokumbuka, anafungua, anaangalia, anafunga tena. Kusoma ukurasa mara tano humfanya aone anaujua. Kuukumbuka bila kuuangalia ndiko kunakokaza. Arudie kusimulia baada ya siku mbili, na tena mwisho wa wiki. Wewe huhitaji kujua somo. Unahitaji kusikiliza mahali anapoanza kumung'unya maneno, kwa sababu hapo ndipo hajaelewa.

Wengine wana haraka ya Kiingereza kwa sababu ya kidato cha kwanza. Mimi nasema aelewe uvukizi kwa Kiswahili, kwa kuangalia kanga mbili, moja imeanikwa kwenye upepo na nyingine imekunjwa. Akishaelewa, neno la Kiingereza ni kazi ya jioni moja, aliandike pembeni mwa daftari.

Kulala: mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri anatakiwa awe amelala saa mbili usiku ili apate tisa. Najua, tamthilia. Ndiyo maana msibishane, pimeni. Wiki ya kwanza aandike saa aliyolala, saa aliyoamka, na kama aliamka mwenyewe au aliburutwa. Wiki ya pili alale mapema kwa nusu saa. Simu zote, na ya baba ikiwemo, zichajiwe sebuleni. Mwisho wa wiki ya pili aseme mwenyewe daftari linasema nini.

Hatua ya 7: Jambo moja la kufuatiliwa mwezi mzima

Majaribio ya jioni moja humzoesha mtoto kwamba jibu linakuja haraka. Mengi hayaji haraka. Chagueni jambo moja la kufuatwa siku hadi siku.

Sisi wa pwani tuna bahari. Mtoto achomeke mti ufukweni mahali salama, akiwa na mtu mzima, au atumie ngazi ya gati yenye vipandio vya kuhesabika. Kila siku aandike saa ambayo maji yamejaa kabisa au yamekupwa kabisa, yamefika kipandio cha ngapi, na achore mwezi wa usiku ule. Kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika 12, na kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Baada ya wiki mbili ataona bamvu linakuja mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mwandamo, na maji mafu yanakuja mwezi ukiwa nusu. Mvuvi, mkulima wa mwani na mama anayechokoa pweza wanajua yote haya bila kitabu, kwa hiyo mtume mtoto akawaulize. Wao ni walimu wa hatua hii, mimi nasahihisha tu hesabu.

Wa bara wana kivuli. Simamisheni kijiti cha mita moja kwenye uwanja sawa, mpime kivuli kifupi kabisa cha mchana mara moja kwa wiki. Mahali popote Tanzania kuna siku mbili kwa mwaka ambazo jua hupita utosini na kivuli cha kijiti hutoweka. Hapa Tanga ni karibu na tarehe 7 Machi na tarehe 6 Oktoba. Mbeya, kwa kuwa iko kusini zaidi, ni mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Na kivuli hakitakuwa kifupi kabisa saa sita kamili. Mwezi Machi hapa Tanga ni kama saa sita na dakika 35, kwa sababu saa zetu zimewekwa kwa kufuata mstari wa longitudo 45, unaopita Somalia na Madagaska, nasi tuko magharibi yake. Wazee waliotazama kivuli ili wajue wakati wa alasiri walikuwa wakisoma jua lenyewe.

Hatua ya 8: Daftari likilala

Litalala. Kutakuwa na msiba, mitihani, safari ya Korogwe, au uchovu tu. Likilala wiki mbili, msilianze upya kwa daftari jipya wala msimgombeze mtoto. Andikeni tarehe ya leo, mwendelee chini ya mstari. Siku ambazo hamkupima ziachwe wazi.

Hili la kuacha wazi tulilipata kwa aibu. Mwezi wetu wa kupima bahari, kijana wangu alikwenda kucheza mpira siku tatu mfululizo, na jioni ya siku ya tatu akajaza zote kwa pamoja: maji yamejaa saa kumi, saa kumi, saa kumi. Mwandiko mzuri, penseli imechongwa. Nikamwachia daftari mezani, nikamwambia achore grafu ya wiki nzima. Mstari ulipanda vizuri, ukafika kwenye siku zake tatu, ukalala kama mkeka. Akautazama. Akaniangalia, akaona nami nautazama.

"Umejuaje?" akaniuliza.

Nikamwambia bahari ndiyo imesema. Akakata zile namba kwa mstari mmoja ili bado zisomeke, akaandika pembeni "hatukupima," tukavaa ndala tukatelemka gatini. Maji yalikuwa bado yanapanda.